KONA YA FAMILIA: Padri akija hajaleta kifo

  Safari hii tunaingia kwenye jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Lakini maswali yamekuwa mengi. Mengine tumeulizwa njiani tukitoka shule, mengine yameletwa na watoto kwenye karatasi zilizokunjwa: mgonjwa akizidiwa, kanisa linafanya nini? Na sisi wa nyumbani tufanye nini? Tunajua karatasi hii inasomwa pia na Waislamu, Wapentekoste na Waadventista. Tutaongea zaidi juu ya parokia ya Wakatoliki kwa sababu maswali yalitoka huko, lakini mengi ya humu yanafaa nyumba yoyote yenye mgonjwa.

Tuanze na woga, maana ndio unaoharibu mengi.

Mtu anaugua miezi mitatu, minne. Majirani wanajua, jumuiya inajua. Lakini siku padri anapoonekana kwenye kona na kimfuko chake mkononi, watu wananong'ona: "Basi, yamekwisha." Mama mmoja wa upande wa Kawale alimwuliza mume wake kama amwitie padri. Akajibiwa: "Mama watoto, umechoka kuniuguza? Unataka nife leo?" Mama wa watu akanyamaza. Wiki mbili baadaye, saa nane ya usiku, mvua inanyesha, vijana wanatumwa wakimbie kumtafuta padri. Kufika, mzee hatambui mtu tena. Alipakwa mafuta, ndiyo. Lakini hakuweza kuungama, hakuweza kupokea Komunyo, wala kumwambia mtoto wake mkubwa lile neno ambalo wote nyumbani walijua anataka kumwambia, maana walikuwa wamekosana tangu njiani tukikimbia. Mtoto yule mpaka leo anauliza watu: "Baba hakusema kitu?"

Woga huu una asili yake. Wazee wetu, kama walibatizwa Uvira, Kigoma, Butare au Ngozi, walifundishwa jina la zamani: Mpako wa Mwisho. Jina lenyewe linatosha kumtisha mtu. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulisema jina linalofaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba sio sakramenti ya wale tu waliofika dakika ya mwisho. Mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita akatoa utaratibu mpya, ndio unaotumika mpaka sasa. Padri anampaka mgonjwa mafuta kwenye paji la uso na kwenye mikono, na kumwombea. Anayestahili ni mtu mwenye ugonjwa mzito, au anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa kwa sababu ya ugonjwa huo, au mzee aliyedhoofika hata kama hana ugonjwa unaojulikana. Akipona akaugua tena, anapakwa tena. Hali ikizidi katika ugonjwa uleule, anapakwa tena. Sasa kama ingekuwa tiketi ya kaburini, mtu angekata ngapi?

Mpako unatolewa na padri au askofu peke yao. Katekista hawezi, mama wa jumuiya hawezi, hata awe mtakatifu namna gani. Lakini Komunyo inaweza kuletwa nyumbani na mlei aliyeruhusiwa, na ndiyo sababu mgonjwa wa muda mrefu anaweza kuipokea hata kama padri yuko mbali. Komunyo ile ya mwisho kabisa inaitwa masurufu, yaani chakula cha njiani. Kwa hiyo ukihesabu vizuri, sakramenti ya mtu anayeondoka ni Komunyo, sio Mpako. Hata walimu wa dini wengine wanashtuka ukiwaambia hivyo.

Dawa nzuri ya woga huu tumeiona kwenye Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari. Papa Yohane Paulo wa Pili aliianzisha mwaka 1992, ikasherehekewa mara ya kwanza mwaka 1993. Katika Misa ya siku hiyo wazee wanapakwa mbele ya watu wote, mchana kweupe, halafu wanarudi nyumbani kwa miguu yao na kula bugali na sombe. Mtoto aliyemwona bibi yake anapakwa akarudi akamkaripia kwa kuchelewa kuteka maji, huyo hataogopa mafuta tena.

Sasa tuje kwenye msaada wenyewe. Wengi wakisikia "msaada wa parokia" wanafikiri unga na mafuta ya kupikia. Vitu hivyo vikipatikana tunashukuru, lakini havipo kila mwezi, na tusidanganyane. Msaada mkubwa ni watu. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, katika umoja wao wa AMECEA ambamo Malawi imo, waliamua miaka ya 1970 kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Wenzetu wa Bukavu wanasema shirika, Wamalawi wanasema mphakati, jambo ni moja: nyumba chache zinazojuana, zinazosali pamoja, na zinazojua nani hakuonekana wiki hii. Hapo ndipo mgonjwa anajulikana kwanza. Ofisi ya parokia itajua baadaye.

Jumuiya inayofanya kazi utaiona kwa vitu vidogo. Msichana wa jirani anachota ndoo mbili, moja ya kwao na moja ya mgonjwa. Akina mama wawili wanafika asubuhi kumgeuza na kumwosha, maana mtu anayelala upande mmoja siku nzima anatoka vidonda mgongoni na nyongani, na vidonda hivyo vinamtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Baba mmoja mwenye baiskeli anamfikisha kituo cha afya. Kijana mmoja anakaa naye mchana tu, wanasikiliza redio, wanagombana juu ya mpira. Mwenye nyumba anapata saa mbili za kulala. Ukimwuliza mtu aliyeuguza mzazi miezi sita, atakwambia saa hizo mbili zilikuwa na thamani kuliko mfuko wa unga.

Halafu kuna Lejio ya Maria (tusichanganye na lile dhehebu la Kenya lenye jina linalofanana). Hawa wanatembea wawili wawili, kila wiki, na kazi yao inaandikwa na kutolewa taarifa. Tumesikia watu wakilalamika: "Walegio wanakuja mikono mitupu." Ni kweli, na sio uchoyo. Sheria yao inawakataza kugawa vitu vya msaada. Kazi yao ni kumtembelea mtu. Kama nyumba inakosa sabuni au chakula, mweleze kiongozi wa jumuiya. Usimnunie Mlegio.

Tena Lejio hiyo ililetwa kwetu na mgonjwa. Edel Quinn alikuwa binti wa Ireland, alizaliwa mwaka 1907, na alikuwa na kifua kikuu tangu ujana. Mwaka 1936 alitumwa Nairobi, na kutoka hapo akazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika mpaka Nyasaland, yaani Malawi hii tunayoishi, akianzisha vikundi huku mwili unazidi kuisha. Alikufa Nairobi tarehe 12 Mei 1944, hakufika hata miaka 37, akazikwa hukohuko. Tunamtaja kwa sababu wagonjwa wengi wa hapa kambini wanatuambia, "Mimi sasa sina kazi tena, ni mzigo tu." Huyo alifanya kazi yake yote akiwa mgonjwa.

Mambo yanakuwa magumu zaidi mgonjwa anapopewa rufaa. Kutoka kituo chetu cha afya anaweza kupelekwa Hospitali ya Wilaya ya Dowa, au Mtengowanthenga, hospitali ya Kikatoliki ya wilaya yetu hii, au Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, zaidi ya kilometa 40 kutoka hapa. Wengine wanaenda Likuni, na tunasema Likuni ya misheni kule Lilongwe, sio Likuni yetu ya hapa kambini! Kuna familia ilizunguka nyumba kwa nyumba saa nzima kwa sababu ya jina hilo.

Katika hospitali za Malawi mgonjwa hafiki peke yake. Anatakiwa awe na mtu wa kumwosha, kumlisha, kufua nguo zake, kufuata vipimo, na kumwita namwino usiku. Wakongo tunamwita gadimalade, Wanyarwanda na Warundi wanasema umurwaza, Wamalawi wanasema gadiani. Manesi ni wachache na wagonjwa ni wengi; bila gadiani mtu anaweza kulala na njaa chakula kikiwa mbele yake, kwa sababu hawezi kuinua mkono.

Zamani ilikuwa rahisi kidogo. Wengi wetu tulikuwa na ndugu au watu wa nyumbani waliokuwa wakifanya biashara Lilongwe, nao walipeleka uji hospitali asubuhi kabla ya kufungua duka. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote warudi Dzaleka, na mwezi wa Mei mwaka huo watu walikamatwa na kuletwa huku, maduka yakafungwa. Mengi yamesemwa juu ya mali iliyopotea siku zile. Lile la uji wa asubuhi halikuandikwa popote, lakini mgonjwa wa Dzaleka aliyelazwa mjini alilisikia tumboni.

Kwa hiyo hapa ndipo jumuiya inatakiwa kuamka. Kuna jumuiya moja ya upande wa Lisungwi imeweka zamu: gadiani anakaa siku tatu, mwingine anakwenda kumpokea. Nauli ya minibasi au matola inachangwa, kila nyumba inatoa inachoweza, na daftari linaandikwa wazi ili maneno yasiwe mengi. Anayekwenda anaomba kwanza ruhusa ya kutoka kambini, na anabeba nakala ya karatasi ya rufaa. Wanawasiliana pia na Wakatoliki wa Lilongwe, maana padri wa parokia yoyote ya mjini anaweza kumpaka mgonjwa wetu. Sio lazima asubiriwe padri wa huku. Mpigieni kiongozi wa parokia yetu, yeye atajua wa kumpigia kule. Msingoje mgonjwa arudishwe.

Kuna shida nyingine ambayo sisi walimu tunaiona sana, nayo ni lugha. Wengi tunaishi hapa miaka kumi na zaidi, Kichewa chetu ni cha sokoni tu: bei na salamu. Wodini hakitoshi. Wafundisheni magadiani maneno haya kabla hawajapanda gari. Ululu ni maumivu. Mankhwala ni dawa. Madzi ni maji. Namwino ni nesi. "Akumva ululu kwambiri," maana yake anasikia maumivu makali sana. "Tikufuna bambo wansembe," maana yake tunataka padri. Ukisahau yote, ushike ululu. Kuna wagonjwa wameugulia usiku kucha na nesi akapita mara tatu, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema neno hilo moja.

Na hapo kwenye maumivu tunaomba tusikilizwe vizuri. Bado kuna waumini wanaoamini kwamba mgonjwa akiomba dawa kali ya maumivu amekataa msalaba wake. Wengine wanaona kwamba morfini ni kuua. Mwaka 1957 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliulizwa na madaktari swali hilohilo. Alijibu kwamba inaruhusiwa kutuliza maumivu kwa dawa hizo, hata kama zinampunguzia mgonjwa fahamu, na hata kama zingeweza kufupisha maisha bila kukusudiwa, ikiwa hakuna njia nyingine na mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake wa dini na wa familia. Angalieni hilo la mwisho. Ndilo linalotufanya tuseme padri aitwe mapema, na ndugu waitwe mapema: mtu aseme yake kichwa kikiwa bado kizuri, halafu apumzishwe maumivu bila mtu kuwa na wasiwasi.

Tena sio dawa ya matajiri. Kampala, mwaka 1993, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akatumia unga wa morfini uliochanganywa na maji, wa kunywa, bei nafuu. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu hata manesi waliosomea kazi hiyo waiandike. Nchi nyingi za Afrika zilijifunza kutoka hapo. Malawi nayo inayo huduma hii, na kule Salima kuna kituo cha Ndi Moyo kinachoshughulika na wagonjwa wa namna hiyo. Kwa hiyo ukiona mgonjwa wako analia usiku, mwulize daktari au kliniko ofisa waziwazi: kuna dawa ya kunywa ya maumivu makali? Akiandikiwa, apewe kwa saa zilizoandikwa, asingoje mpaka maumivu yarudi. Dawa hiyo inafunga choo, kwa hiyo ulizeni pia dawa ya kulainisha. Na msinunue kitu kama hicho sokoni, wala kumpa mgonjwa mwingine iliyobaki.

Tumeulizwa pia na watu wanaoishi pamoja bila ndoa ya kanisa: eti padri atakataa kuingia kwao? Jibu letu ni fupi. Mwite. Kumwita padri sio kwenda mahakamani, na mbele ya hatari ya kifo kanisa lina njia nyingi za kumsaidia mtu kuliko mnavyofikiri. Yeye ndiye atakayewaelezea. Na wale wanaotembelea wagonjwa, mnayoyaona ndani ya nyumba yaishie ndani. Malawi ilianza kutoa dawa za VVU bure mwaka 2004, watu wengi wanaishi vizuri leo kwa ajili yake, lakini bado kuna anayekataa kutembelewa na jumuiya kwa kuogopa kwamba jina la ugonjwa wake litafika bombani kabla ya jioni. Woga huo hakuuota. Aliwasikia akina mama fulani wakiongea.

Siku za mwisho zenyewe zina kazi ndogo ambazo kila mtu anaweza kuzifanya. Mtu anayeondoka mara nyingi hataki kula. Msimlazimishe, atapaliwa. Loweka kitambaa safi, mlowanishe midomo. Mfunike kitenge chepesi. Msiongee juu yake kama hayupo, mara nyingi anasikia. Sali naye sala fupi anazozijua, kwa lugha ya mama yake; tumeona wazee waliosahau Kiswahili na Kifaransa chote lakini Baba Yetu ya Kifulero au ya Kirundi ikabaki. Kama ana mtoto Kanada au Australia, piga simu wakati bado anaweza kuitikia, hata kwa mguno. Kule wanaweza kuwa usiku. Mwamshe tu.

Sasa tuongee kama walimu. Darasani tunawajua watoto wenye mgonjwa nyumbani kabla hatujaambiwa. Anasinzia saa ya kwanza. Anachelewa kwa sababu alikuwa anaosha ndoo. Akipigiwa kelele analia haraka, au hajibu kitu. Wazazi, tunaomba kitu kimoja: mtume mtu atuambie. Hatuhitaji jina la ugonjwa. Tunahitaji kujua tu, ili mtoto asiadhibiwe kwa kuchelewa, na ili mwenzake amnakilie masomo. Na jumuiya zinapopanga zamu, msimpange mtoto wa miaka kumi kuwa muuguzi wa usiku kwa sababu eti ni binti. Tumeona wasichana wawili wakipoteza mwaka mzima wa shule namna hiyo, huku kaka zao wakubwa wakicheza drafti chini ya mwembe.

Jambo jingine, watoto waambiwe ukweli. "Mama amesafiri" ni maneno mabaya sana kwa mtoto mkimbizi. Kwetu sisi watu waliosafiri ndio tunaowangoja. Kuna mtoto wa darasa la tatu alikuwa anakwenda barabarani kila Ijumaa kuangalia magari ya kutoka Lilongwe, kwa sababu aliambiwa hivyo. Mwambie kwa maneno madogo: Mama anaumwa sana, madaktari wamejaribu, anaweza kufa, wewe utabaki na shangazi. Atalia. Mwache alie, halafu mpeleke akamshike mama mkono. Padri akija, asifukuzwe nje kucheza. Akae, ashike mshumaa kama anataka. Anayoyaona kwa macho yake hayamtishi kama yale anayoyasikia nyuma ya mlango.

Kwa nyumba zenye mgonjwa sasa hivi: jina la mgonjwa na mahali anapokaa apewe kiongozi wa jumuiya kabla ya Jumapili, na aambiwe wazi kama mgonjwa anataka Komunyo, Mpako, au kutembelewa tu. Asiyejua jumuiya yake amwulize katekista baada ya Misa. Wanaotaka kuingia kwenye zamu ya magadiani, hasa vijana wanaojua Kichewa vizuri, waandikishe majina kwetu shuleni mchana baada ya masomo. Wavulana pia. Tunao wasichana saba kwenye daftari na mvulana mmoja.